Mwerebi wangu wa rangi ya waridi umegeuka kijani. Umekufa?

Swali

Shikamoo mwalimu. Naishi Milton Keynes, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Mwaka juzi mwezi wa tano nilinunua supamaketi kimti chenye shina moja lililonyooka, juu kichwa cha duara kama mpira, majani meupe yenye rangi ya waridi. Kibandiko kiliandikwa "Flamingo". Nikauweka kwenye chungu mlangoni, na mwaka wa kwanza ulikuwa pambo, wapita njia walikuwa wanasimama kuutazama. Mwaka jana kuanzia Julai majani yakakauka kingo na kupukutika, rangi ikapotea, halafu chini ya shina yakatoka matawi mawili ya kijani, manene, yanakimbilia juu. Mume wangu akafurahi, akasema sasa ndiyo unakua. Hivi sasa ni Februari, kichwa kimebaki vijiti. Sijawahi kuukata hata mara moja, naogopa kuuua. Jirani naye ananiambia nisithubutu kuupanda ardhini, eti mizizi yake inapasua mabomba na msingi wa nyumba. Je, umekufa? Na mama yangu yuko Lushoto, ameuona kwenye picha, anaomba nimletee kijiti nikienda Desemba. Inawezekana?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Kabla ya maneno mengi, toka nje ukaukwaruze. Shika kijiti kimoja cha pale kichwani, chenye unene wa penseli, ukwaruze gome kwa ukucha, kidogo tu. Ukikuta kijani kibichi chini ya gome, mti uko hai, umelala. Ukikuta kahawia kavu, teremka: kwaruza karibu na fundo ambapo matawi yote ya kichwa yanakutana, kisha ukwaruze shina. Mierebi hupukutisha majani yote wakati wa baridi, kwa hiyo vijiti vitupu mwezi wa Februari si msiba. Shina silihofii hata kidogo. Ninachokihofia ni kichwa, na sababu yake ni hayo matawi mawili yaliyomfurahisha shemeji.

Ulichonunua ni miti miwili. Mimi ni mtoto wa Muheza, na kwetu kubebesha michungwa ni kazi ambayo watoto wanaiona tangu hawajaanza shule. Unaotesha mche wa limau kali, ukinenepa kama kalamu unaubebesha jicho, yaani chipukizi ambalo bado limelala, la chungwa. Chungwa linashika juu, limau linabaki chini na mizizi yake ya nguvu. Mwenye shamba akizembea, akaacha chipukizi lililotoka chini ya kibebesho, baada ya miaka michache anavuna malimau na kuanza kutafuta nani kamroga. Ndicho kilichokupata wewe.

Kichwa cha mti wako ni mwerebi uitwao Salix integra, wa aina ya ‘Hakuro-nishiki’ au ndugu yake wa karibu ‘Flamingo’. Kwa maumbile yake ni kichaka, kinatoa matawi mengi tangu ardhini na hakijui kusimama kwa shina moja. Watu wa vitalu wanajua kimti cha duara kinauzika haraka kuliko kichaka, kwa hiyo wanakata fimbo ya mwerebi mwingine, mgumu zaidi, na kubebesha vikonyo vya Hakuro kwenye ncha yake, sentimita 60 au 90 au 120 kutoka ardhini. Tazama vizuri pale kichwa kinapoanzia, utaona kovu au uvimbe. Hapo ndipo mpaka. Juu ya mpaka ni mali yako uliyoilipia. Chochote kinachochipua chini ya mpaka, iwe ubavuni mwa shina au kwenye udongo, ni ule mwerebi wa chini umejikumbuka. Na kwa kuwa majani yake yote ni ya kijani, unajilisha vizuri kuliko kichwa chenye majani nusu meupe, unakinyang'anya maji, na ukiachiwa miaka miwili mitatu unabaki wenyewe.

Jambo hilo pia linajibu swali ambalo hukuuliza lakini wengi huniuliza: mbona shina halirefuki? Halitarefuka. Shina la kubebeshwa hunenepa tu. Kama lilikuwa sentimita 90 siku ya kununua, litakuwa sentimita 90 siku mjukuu wako anaolewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ya leo hii kama hakuna barafu, ni kuyaondoa hayo mawili. Tumia mkasi mkali wa kupogolea au msumeno mdogo, kata yakiwa yamelala kabisa na shina, usiache kisiki. Kisiki cha sentimita mbili kina macho yaliyolala ndani yake, na mwezi wa tano utakuta badala ya tawi moja yametoka manne. Kama mojawapo linatoka udongoni, fukua taratibu mpaka uone lilipoanzia kwenye mzizi, ulikate hapo. Kisha kuanzia Aprili mpaka Agosti, kila unapomwagilia, pitisha kidole gumba ubavuni mwa shina. Chipukizi likiwa changa linang'oka kwa kusukumwa tu, bila mkasi, na likitoka hivyo huwa halirudi haraka.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo hofu yako ya mkasi ilipokuponza.

Rangi ya waridi ya mwerebi huu iko kwenye jani changa peke yake. Jani likifunguka lina antosianini, ile rangi nyekundu inayoonekana pia kwenye majani mapya ya mwembe, juu ya sehemu nyeupe isiyo na klorofili. Baada ya wiki kadhaa wekundu unaisha, linabaki jeupe lenye madoa ya kijani, na kadiri linavyokomaa kijani kinazidi kulifunika. Ndiyo maana tawi moja hilohilo mwezi wa sita lina rangi tatu: ncha ya waridi, katikati nyeupe, chini kijani. Tawi lisilotoa ncha mpya halina waridi, hata ulibembeleze vipi. Na tawi linatoa ncha mpya nyingi na zenye nguvu pale linapokatwa.

Mama yako wa Lushoto hili analijua bila kusoma popote. Usambara wanalima chai. Mchai ukiachwa bila kuchumwa na kupogolewa unakuwa mti mrefu wenye majani magumu meusi yasiyomfaa mtu. Ni kule kukatwa na kuchumwa kila mara kunakoufanya utoe majani mawili laini na chipukizi lake. Mwerebi wako ni mchai wa macho. Mwaka wa kwanza ulipendeza kwa sababu kitalu kiliukata kabla ya kuuza. Ulichokuwa unakifurahia ni kazi ya mkasi wa mtu mwingine.

Unakatwa lini? Mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, macho yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka. Uko kwenye wakati wenyewe. Anza kwa kuondoa vilivyokufa, ambavyo ukucha umekuonyesha ni kahawia. Kisha ondoa vijiti vyembamba vilivyosongana katikati, na vile vinavyosuguana. Vinavyobaki, vile vya mwaka jana, kata kila kimoja ubakize macho mawili au matatu kutoka kwenye fundo, yaani sentimita tano mpaka kumi hivi. Ukimaliza, kimti kitaonekana kama ngumi juu ya fimbo, na mtu ndani ya nyumba atakuuliza kwa nini umeuharibu. Mwache. Mwishoni mwa Mei atakuwa anaupiga picha.

Kuna tahadhari moja kwa mti wako. Kichwa chako kimenyimwa chakula mwaka mzima, kwa hiyo usikikate kikatili mwaka huu. Kama ukucha unaonyesha kijani kila mahali, kata kama nilivyoeleza. Kama nusu ya vijiti imekufa, toa vilivyokufa na vilivyo hai uvipunguze theluthi moja tu, umalizie mwaka kesho. Mti uliochoka unahitaji macho ya kutosha ya kuanzia.

Kisha kuna ukataji wa pili, mwepesi, ambao wengi hawaujui: mwishoni mwa Juni, rangi ya kwanza ikianza kufifia, punguza ncha za kichwa kote kwa sentimita 10 au 15, kama unavyomnyoa mtoto. Baada ya wiki tatu nne linakuja wimbi jipya la waridi. Ila baada ya katikati ya Agosti weka mkasi ndani. Machipukizi ya Septemba hayawahi kukomaa, na barafu ya kwanza inayageuza meusi.

Huenda pia humohumo kichwani, juu ya mpaka, likatoka tawi la kijani tupu, nene kuliko wenzake. Hilo si la mwerebi wa chini, ni Hakuro yenyewe imerudi kwenye asili yake. Likate lote mpaka linapoanzia. Sababu ni ileile: penye kijani kingi pana nguvu nyingi, na ukiliachia litawameza wenzake.

Majani kukauka kingo kuanzia Julai ni kiu. Naweza kusema hivyo bila kuuona mti, kwa sababu umesema kingo na umesema chungu. Kama ingekuwa kutu ya majani ungeona vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini wa jani. Kama ingekuwa kuvu wa madoa ungeona vidoa vyeusi na vidonda kwenye vijiti. Mwerebi ni mti wa kingo za mito. Huyu asili yake ni Japani, Korea, kaskazini mashariki ya China na pwani ya mashariki ya mbali ya Urusi, mahali penye unyevu miguuni muda wote. Wewe umemweka kwenye chungu mlangoni, pengine juu ya vigae vinavyorudisha joto, pengine katika kile chungu chembamba alichouzwa nacho. Sehemu nyeupe ya jani haina ulinzi, ndiyo ya kwanza kuungua maji yakipungua.

Najua kwa sababu na mimi nimeunguza wangu. Mwaka 2022, Julai 19, siku Uingereza ilipofikia nyuzi 40.3 huko Coningsby, nilikuwa na Hakuro mbili kwenye vyungu, ukuta wa matofali nyuma yake, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu wa Tanga hawezi kufundishwa joto. Niliondoka asubuhi nimewamwagilia, jioni nikakuta karatasi. Mmoja ulichipua tena Septemba baada ya mimi kuusogeza kivulini na kuuzamisha chungu chake kwenye beseni usiku kucha. Wa pili ulikwenda. Ule wa tatu, niliokuwa nimeupanda ardhini miaka miwili kabla, kwenye udongo wa mfinyanzi ulio chini ya kona ya bustani ambako maji hutuama, ulipoteza majani ya juu tu.

Kutokana na hapo ushauri wangu ni huu: utoe kwenye chungu. Sehemu kubwa ya Milton Keynes ina udongo mzito wa mfinyanzi, ule ambao wenye mawaridi na lavenda wanaulalamikia kila siku. Kwa mwerebi huo ni udongo wa ndoto. Panda ungali umelala, kuanzia Novemba hadi Machi, kwa hiyo bado una wiki kadhaa. Chimba shimo pana mara mbili ya chungu lakini lisilo refu kuliko chungu. Usilijaze mboji tupu ya dukani: ndani ya mfinyanzi, shimo lililojaa mboji linakuwa bakuli, mizizi inazunguka humohumo na haitoki. Rudisha udongo uleule uliochimba, uuponde tu mabonge. Usawa wa udongo uwe uleule uliokuwa kwenye chungu. Piga kigingi pembeni, funga shina kwa kamba laini mahali pawili, maana kichwa kile kikipata majani na upepo wa huku ni tanga la jahazi. Na kamba hiyo uilegeze kila mwaka. Nimeona mashina mengi yaliyonyongwa na kamba kuliko yaliyoangushwa na upepo. Malizia kwa matandazo ya magome au mboji, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Majira mawili ya joto ya kwanza mwagilia kwa kushibisha, ndoo nzima mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha. Baada ya hapo utajitafutia wenyewe.

Jua? Nusu siku inatosha, na la asubuhi ndilo bora. Kivulini kabisa rangi inakuwa hafifu, na kwenye jua la kutwa nzima mbele ya ukuta majani yanaungua.

Kama huna ardhi, au nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki, chungu kinawezekana lakini kubali kuwa umefuga ng'ombe: kila siku anataka maji. Chungu kiwe na upana wa sentimita 45 au zaidi, kizito, kiwe na matundu chini. Tumia mchanganyiko wenye udongo halisi ndani yake, kama ule wa John Innes namba 3, si mboji nyepesi tupu ambayo ikikauka haikubali tena maji. Siku za joto mpe lita kumi, asubuhi, na unaweza kumwekea sahani ya maji chini kuanzia Juni hadi Agosti. Wengi wataniambia nakosea, mmea haukalishwi kwenye maji. Mmea mwingine, sawa. Huu ni mwerebi. Sahani iondoke Septemba, maana maji yakiganda chini ya chungu yatapasua chungu na kuumiza mizizi.

Mbolea, ngumi moja ya ile ya punje inayoyeyuka polepole, Aprili, basi. Ukizidisha ya naitrojeni unalisha kijani.

Jirani yako si mwongo, ila anazungumzia mti mwingine. Mwerebi mkubwa, ule wenye matawi yanayoning'inia hadi majini, unafika mita 15 hata 20 na mizizi yake inakwenda mbali. Kwenye udongo wa mfinyanzi kama wenu, mti wa ukubwa ule unanyonya maji kiangazi mpaka udongo unasinyaa, na nyumba iliyo juu yake inashuka upande mmoja. Kampuni za bima ya nyumba huku huuliza kuhusu miti iliyo karibu, na mwerebi ni miongoni mwa inayowatisha zaidi. Lakini kichaka chako kikiachwa kabisa bila mkasi kinafika kama mita mbili na nusu, na ukikikata kila mwaka kinabaki mita moja na nusu. Mizizi hufuata ukubwa wa kichwa. Kuhusu mabomba, mzizi haupasui bomba zima. Unaingia kwenye ufa uliokwishakuwepo, kwa kufuata maji yanayovuja. Bomba likivuja, hata mzizi wa mti mwingine utaingia. Mimi huacha mita tatu kutoka ukutani na kutoka kwenye mstari wa maji taka, na huwa nalala usingizi. Bustani yako ikiwa haina nafasi hiyo, baki na chungu.

Kuna wakosefu wadogo utakaokutana nao. Vidukari watakuja Mei, wapulizie maji kwa nguvu au waachie ndege. Mbawakavu wadogo wenye kung'aa buluu wanaweza kulila jani mpaka libaki wavu. Waangushe kwenye ndoo ya maji ya sabuni asubuhi mapema wakiwa wamezubaa. Mwisho wa Agosti ukiona nyigu wengi wanazunguka vijiti, wapo kwa ajili ya sukari inayotolewa na vidukari wakubwa wa mwerebi, wanene kama punje ya mchele. Mti hautakufa kwa hao. Majani yenye kutu au madoa yaokote yote yakianguka, usiyaweke kwenye lundo la mboji. Dawa za kupuliza sijawahi kuhitaji kwa mti huu.

Umeuliza pia, pembeni ya barua, jina la Kiswahili la mti huu, maana watoto wanakuuliza. Mwerebi, wingi mierebi. Wasomaji wa Biblia wamekutana nao katika Isaya 44:4, kando ya mifereji ya maji, ambako hasa ndiko kwao. Jina lake la Kijapani ni zuri zaidi: hakuro ni umande mweupe, na nishiki ni kitambaa cha zari. Zari ya umande mweupe. Walioutazama asubuhi ya Mei hawahitaji maelezo. Na kama watoto watataka hadithi, waambie si mbali na kwenu, Chipping Norton, aliishi kasisi aitwaye Edward Stone, ambaye alionja gome la mwerebi, akaona uchungu wake unafanana na wa gome la mkwinini lililokuwa likiletwa kutoka Peru kwa bei kubwa, akalikausha, akalisaga na kuwapa watu wenye homa za vipindi. Mwaka 1763 aliiandikia Royal Society ya London kwamba liliwasaidia wagonjwa kama hamsini. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, njia hiyohiyo iliwafikisha wakemia kwenye aspirini. Usiwatafunishe gome lakini, aspirini haifai kwa watoto.

Nimebakiza kijiti cha mama.

Vile vijiti utakavyokata mwezi huu usivitupe. Mwerebi unashika kama muhogo, pengine kuliko muhogo. Chagua vya kichwani, juu ya mpaka, vyenye unene wa penseli na afya. Kata urefu wa sentimita 25, chini kata mshazari ili usisahau upande wa kuchomeka, uchomeke kwenye chungu cha udongo wenye mchanga, theluthi mbili ndani, theluthi moja nje. Weka nje mahali pasipo na upepo, udongo usikauke. Mwezi wa tano vitakuwa vimechipua. Unaweza pia kuviweka kwenye chupa ya maji dirishani, utaona mizizi myeupe ndani ya wiki mbili tatu, watoto watapenda, ila mizizi ya majini ni dhaifu na inavunjika wakati wa kuhamisha. Chomeka sita. Miche hii itakuwa na faida kuliko mama yao: inakua kwa mizizi yake yenyewe, haina mwerebi wa chini wa kupigana nao, na chochote kitakachochipua ardhini kitakuwa cha waridi. Kama kile kichwa kitashindwa kuamka mwaka huu, hii ndiyo akiba yako. Kwa maoni yangu kichaka cha namna hii kinapendeza kuliko mpira juu ya fimbo, lakini hilo ni jicho langu.

Lushoto usimpelekee. Kwanza ni sheria: kijiti kibichi hakipandi ndege ndani ya begi la nguo. Tanzania inataka kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pamoja na hati ya afya ya mimea inayotolewa Uingereza baada ya ukaguzi. Sheria hiyo ina sababu. Kando ya mito ya nyanda za juu za Afrika Mashariki upo mwerebi wetu wa asili, Salix subserrata, ambao wengine huuita Salix mucronata, unaoshika kingo za mito zisimomonyoke. Kutu au mdudu wa huku akisafiri ndani ya kijiti chako, huyo ndiye wa kwanza atakayemkuta.

Na hata ukipata karatasi zote, ungempelekea mama mti wenye kiu ya baridi. Mwerebi wa Japani unalala siku zinapofupika na unaamka baada ya kipupwe kirefu. Lushoto ina baridi ya kuvaa sweta, lakini siku zake ni za saa kumi na mbili mwaka mzima, na hakuna majira yanayouambia lala. Mti usiolala hauna ule mlipuko wa pamoja wa machipukizi, ambao ndio uzuri wake wote.

Mwambie mama atafute kwenye vitalu vya Tanga au Moshi kichaka kiitwacho breinia, chenye majani madogo meupe, ya kijani na ya waridi kwenye vijiti vyekundu; ameshakiona kwenye uzio wa hoteli bila kukijua jina. Asili yake ni visiwa vya Pasifiki, kwa hiyo akipande mahali palipojikinga, upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi, asikiweke bondeni kunakotuama ubaridi wa Julai. Nacho kinataka mkasi, tena kila baada ya miezi mitatu minne, na machipukizi yanayotoka mizizini ayang'oe la sivyo kitatambaa bustani nzima. Kwa mtu aliyekulia kwenye chai, sidhani kama utahitaji kumweleza zaidi ya hapo.